Nyaya Mbili Nyeusi

Muhumba, Bukavu
Jumatatu, 15 Februari 1999

Mdogo wangu Nathanaël,

Tuko wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua huko Nairobi mnasikiliza redio na kutuzika kila jioni. Papa ni mzima, nyumba ina paa, na wiki hii hakuna aliyetugongea mlango.

Kwa kuwa mambo yametulia kidogo, Papa aliniomba niishushe stereo kutoka plafond. Ilikuwa huko juu tangu Agosti, askari walipoanza kuingia nyumba kwa nyumba wakitafuta chochote chenye vitufe. Mtaa mzima umeficha mali yake juu ya dari. Siku dari hizi zikichoka, tutaangukiwa na televisheni za majirani.

Mashine imepona, lakini panya wamekula nyaya za bafle. (Huko kwenu mnaziita spika, najua, usinisahihishe.) Nilikata vipande vizima, nikaviunga na kuvifunga kwa utepe. Waya haukutosha, nikabana hapa na pale, lakini mwishowe bafle zote mbili zikatoa sauti. Nikajipigia makofi mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunipigia.

Papa hakupiga makofi. Kaseti unaijua: ile uliyorekodi wewe mwenyewe kanisani Bagira, Pasaka ya mwisho ya Maman, yeye akiongoza wimbo peke yake na kwaya ikimwitikia. Papa alikaa kwenye kiti chake, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Carine, maman yako iko wapi?"

Nikasikiliza na mimi. Kwaya ipo, wanawake huku, wanaume kule. Hata kikohozi cha mzee Barthélemy kipo. Maman hayupo. Pale panapokuwa zamu yake unasikia kitu kama mtu anayeimba nyumba ya tatu, na mlango umefungwa.

Mimi nafikiri ni nyaya. Wewe uko kwenye duka la vyombo vya muziki, tutumie nzuri, zile nene zenye ncha za dhahabu mnazowauzia matajiri. Mjomba wetu, Tonton Honoré, ataleta akirudi kutoka huko na bidhaa zake.

Halafu jingine, nikuambie kabla hujasikia kwa watu. Kuna mwalimu mmoja wa Bagira, mjane, anaitwa Adolphine. Anakuja kila Jumapili na sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Papa anataka kumwoa baada ya Pasaka. Sambaza zake zina chumvi nyingi mno.

Dada yako,
Carine


Muhumba, 28 Februari 1999

Mwanangu Nathanaël,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Unisamehe herufi hizi kubwa. Macho yangu bado yanaweza kuongoza kalamu, lakini mwandiko mdogo wa watu yameshindwa, na barua zako ni Carine anayenisomea.

Nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya Lwiro, na huko nilifundishwa kutazama kwanza, kusema baadaye. Kwa hiyo nakueleza nilichokisikia, wala siongezi. Kaseti inazunguka vizuri. Kwaya inasikika safi. Ni mtu mmoja tu ametoka, naye ni mama yako. Dada yako anasema ni nyaya. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ubovu wa waya ungewachukua wote, au ungewakwaruza wote. Waya haujui nani kati ya wale waimbaji alikuwa mke wangu.

Sasa nikuambie ambalo Carine halijui. Jumamosi, siku moja kabla ya kusikiliza kaseti, nilikwenda kaburini kwa mama yako. Nilimweleza Virginie habari za Adolphine, kwamba ni mama mwema, kwamba vita vilimchukulia mume njiani mwaka wa tisini na sita, kwamba nyumba yangu imekuwa kubwa na mimi nimekuwa mtu wa kuongea na sahani. Jumapili nikaweka kaseti. Hayupo.

Mimi si mtu wa mambo ya giza, unanijua. Lakini nimemwambia Adolphine tungoje kidogo. Wewe ulirekodi kaseti hiyo, na vyombo hivi ndivyo kazi yako. Kama kuna sababu mtaalamu anaweza kuniambia, niambie, nitakuamini. Kama haipo, niambie vilevile.

Baba yako,
Aloys


Nairobi, 23 Machi 1999

Papa mpendwa,

Barua zenu mbili zimefika kwa mkono wa Tonton Honoré, zinanuka samaki. Carine, wewe unayesoma hii kwa sauti, soma polepole na usirukeruke, maana kuna fundisho ndani.

Papa, kwanza juu ya nyaya za dhahabu. Bosi wangu huwauzia watu waya mmoja kwa bei ya mbuzi. Mteja anakwenda nyumbani, anafumba macho, anasema sasa nasikia vidole vya mpiga gitaa. Hasikii kitu kipya, anasikia bei aliyolipa. Waya ukiwa na unene wa kutosha na ukiwa umefungwa sawasawa, sikio la binadamu haliwezi kuutofautisha na mwingine. Bosi akisoma hii nitafukuzwa.

Lakini waya uliofungwa vibaya, huo ni habari nyingine, na ndiyo yenu. Kila bafle inahitaji nyaya mbili: mwekundu wa kupeleka, mweusi wa kurudisha mpaka kwenye mashine. Carine anasema waya haukumtosha. Naweka rehani shati langu kwamba aliziunga zile nyaya mbili nyeusi pamoja, bafle kwa bafle, na hakuna hata mmoja unaorudi kwenye mashine. Bafle zitalia, ndiyo. Ila kitu chochote kilicho sawasawa kushoto na kulia kinajifuta, na kinachobaki ni tofauti kati ya pande hizo mbili.

Sasa kumbuka nilivyorekodi. Wanawake niliwaweka upande mmoja, wanaume upande wa pili, na Maman katikati kabisa, umbali sawa kutoka kila maikrofoni. Alikuwa yeye peke yake katikati. Kwa hiyo waya ulimchagua yeye peke yake, Papa. Kile kidogo mnachosikia kwa mbali ni mwangwi wa kuta za kanisa.

Maman hajakwenda popote. Yumo kwenye kaseti kama nilivyomwacha. Nimemtumia Carine waya mpya, wa kawaida, wa kutosha. Arudishe kila waya mweusi mahali pake nyuma ya mashine, kazi ya muda wa kuchemsha chai. Halafu keti, sikiliza, na umwoe Maman Adolphine. Mimi nitachangia suti.

Mwanao,
Nathanaël


Muhumba, 25 Aprili 1999

Mwanangu,

Carine amenisomea barua yako. Nimecheka juu ya bosi wako na waya wa bei ya mbuzi. Nimefurahi una afya na kazi.

Lakini juu ya lile nililokuuliza hukuandika neno. Nilimwomba Carine arudie kusoma, nikidhani limenipita. Akarudia. Hakuna. Nimeelewa, mwanangu. Uliona si jambo la ufundi, na hukutaka kuwa wewe wa kulisema. Baba hawezi kumlaumu mtoto kwa heshima kama hiyo.

Basi Jumapili ya pili baada ya Pasaka nilimwita Adolphine sebuleni nikamwambia ukweli wote, kuanzia kaburi mpaka kaseti. Nilitaka asikie kwa kinywa changu. Niliogopa atanicheka. Hakucheka. Aliomba asikilize na yeye, nikaweka kaseti, akainama akiwa ameshika mkoba wake magotini mpaka wimbo ukaisha. Akasema: "Aloys, mi namna gani nitashindana na mutu mwenye haiko? Angekuwa hai tungesemeshana." Alikunywa maji, akaosha glasi mwenyewe, akaondoka. Carine alikuwa jikoni, hakutoka kumuaga.

Nimesikia anataka kwenda Uvira kwa kaka yake pamoja na watoto, kwa sababu Bagira watu walikwisha kumwita bibi harusi na sasa wanamtazama. Njia ya huko unajua ilivyo siku hizi. Namwombea. Nimemkosea mtu ili nisimkosee mwingine, na sijui kama hesabu hiyo inakubalika mbinguni.

Kila jioni umeme ukiwapo naweka kaseti. Bado hayupo. Pengine ni mapema.

Baba yako,
Aloys


Nairobi, 19 Mei 1999

Carine,

Ulimsomea Papa nini?

Niliandika karatasi mbili. Moja na nusu ilikuwa jibu lake. Waya nilimkabidhi Honoré mkononi, na Honoré anasema alikukabidhi wewe mlangoni, na kwamba ulimshukuru.

Nijibu kabla sijaandika kwa mtu mwingine. Na Adolphine azuiliwe asipande gari la Uvira.

Nathanaël


Muhumba, 14 Juni 1999

Nathanaël,

Adolphine ameshaondoka. Alipanda lori la Uvira na watoto wake, barua yako ikiwa bado njiani.

Unataka jibu, hili hapa. Nilipofungua barua yako ya Machi nilianza kusoma kwa sauti kama kawaida. Nikasoma ya bosi na mbuzi, Papa akacheka. Macho yangu yakatangulia mstari, yakaona. Nikaisogeza karatasi karibu na uso, Papa akauliza kama kuna habari mbaya. Nikasema hapana, mwandiko tu. Nikaruka mpaka kwenye jina lako mwishoni. Sikupanga. Nakuapia sikupanga, na nilipoombwa kurudia, hapo nilikuwa nimeshapanga.

Usiku huo nilihakikisha. Papa alikuwa amelala. Niliweka kaseti yangu ya rumba, sauti chini kabisa. Magitaa yapo, mwimbaji hayupo. Ukawa umesema kweli, na mimi nikawa najua, na kuanzia hapo kila jioni Papa alipokaa kumtafuta Maman nilikuwa nimekaa karibu naye nikijua alipo.

Utaniuliza kwa nini. Wewe ulikwenda kusoma. Sikukuzuia, nilikufungia mizigo. Mimi nilikatisha masomo Maman alipougua, na baada ya kumzika nikabaki, kwa sababu Papa hawezi hata kuchemsha yai. Nimempikia, nimemsomea, nimempandishia mashine darini na kumshushia. Halafu anatokea mama mwenye sahani ya sambaza na watoto wawili, na Papa ananyoa ndevu Jumamosi kwa ajili yake. Nilijiona kama mtumishi aliyemaliza muda. Nilitaka wangoje tu. Mwezi mmoja, miwili. Sikutaka aende Uvira.

Sambaza zake hazikuwa na chumvi nyingi, Nathanaël. Zilikuwa nzuri.

Barua yako ya Mei ilipofika nilitengeneza nyaya siku ileile. Maman anaimba. Papa amesikia. Nilidhani hilo litanitua mzigo. Sijamweleza kitu zaidi. Nimeona nisimchanganye, amefurahi.

Carine


Muhumba, 27 Juni 1999, siku ya Bwana

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amerudi!

Siwezi kukuandikia kwa utaratibu. Nilikuwa kwenye kiti, nimekwisha kukata tamaa, nasikiliza kwa mazoea tu, mara Virginie akaingia mbele yangu, katikati ya bafle mbili, kana kwamba angeweza kunishika bega. Sauti yote, na ile pumzi anayovuta kabla ya ubeti wa tatu. Nilipiga magoti. Mtu wa umri wangu akipiga magoti ghafla huhitaji kuinuliwa, na Carine aliniinua.

Sasa nimejua nilifanya vizuri. Nilikuwa na mashaka, nakiri. Adolphine alipopanda lori nilijificha nyuma ya pazia kama mwizi, nikajiuliza kama nimemtupa mama wa watu kwenye njia ya vita kwa ajili ya ukimya wa kaseti. Lakini tazama: ameondoka, na siku chache tu baadaye Virginie ameimba. Alikuwa anangoja nimtii. Nimetii, amenijibu. Huzuni ya Adolphine ipo, lakini ina maana sasa, na mtu anaweza kubeba kitu chenye maana.

Tunazungumza kila jioni, mimi na mama yako. Namweleza ya mchana, kisha naweka kaseti. Carine hukaa nasi. Kila Maman akianza, yeye hulia. Namwambia: "Usilie, mutoto yangu. Tulifanya bien."

Ana moyo laini kuliko tulivyodhani. Mwandikie maneno mazuri, anastahili.

Baba yako mwenye furaha,
Aloys


Nairobi, 21 Julai 1999

Dada Carine,

Papa ameniandikia. Nakuwekea barua yake humu ndani, kwa kuwa naona hukuniambia yote kuhusu furaha hiyo.

Nimeisoma nikiwa dukani, nikaingia stoo kulia kati ya maboksi. Na mimi nina langu. Ningemwandikia padri amsomee, au ningemwambia Honoré kwa mdomo, mambo yangekwisha Machi. Nilitaka wewe uwe wa kumpa habari njema, nilidhani nakutendea wema. Nilikuwa mbali na nilipenda kuwa mcheshi.

Mwambie. Asijue kwangu, asijue kwa padri. Mchomolee waya mbele yake, asikie mwenyewe. Najua utakachomnyang'anya. Lakini yule mama yuko Uvira anaamini amekataliwa na marehemu, na Papa anamshukuru Mungu kwa jambo ulilofanya wewe. Hilo halivumiliki hata mwezi mmoja zaidi.

Nathanaël


Muhumba, 29 Agosti 1999

Nathanaël,

Nimefanya.

Nilingoja Jumapili, tumekwisha kula. Papa aliketi, akaanza kumweleza Maman habari za misa. Nikamwomba anisikilize mimi kwanza. Nikaweka kaseti. Maman alipofika katikati ya ubeti nikanyoosha mkono nyuma ya mashine, nikachomoa waya mweusi wa kushoto na wa kulia nikaziunga pamoja. Maman akapotea. Kwaya ikabaki, na kikohozi cha Barthélemy. Nikazirudisha, Maman akarudi. Nikachukua barua yako ya Machi, ambayo nilikuwa nimeihifadhi, nikaisoma yote, kila neno, hata pale uliponiambia nisirukeruke.

Akasema: "Fanya tena."

Nikafanya tena. Akasema tena. Nilichomoa na kurudisha, na kila mara alikuwa ameinamisha kichwa upande kama daktari. Mwishowe akainua mkono nisimamishe.

"Basi hakukuwa na kasirani na mimi," akasema.

"Hapana, Papa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Ilikuwa mimi."

Nilidhani hapo atapumua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi, ingawa hajawahi kunipiga. Halafu akasema polepole: "Na hakurudi pia."

Nilikuwa nimefikiri namrudishia Adolphine. Sikufikiri kwamba kwa mkono huohuo namchukulia Maman, ambaye alikuwa naye kila jioni tangu Juni, aliyekuwa anamjibu. Alisema: "Nilikuwa nasemesha ampli, mashine tu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeandika matokeo.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Aliniwekea mkono kichwani, lakini mkono ulikuwa mwepesi, kama alikuwa anahofia kuuacha hapo.

Asubuhi ya Jumanne nilimkuta amevaa koti lake la Lwiro, na begi dogo mlangoni. Alikuwa amekubaliana na mwenye lori. Anakwenda Uvira kumwomba Adolphine radhi, si kumwoa, alisema, hilo hawezi tena kumtaka mtu. Nilimwambia njia ni mbaya, kwamba kule Ngomo magari yanasimamishwa, kwamba nitakwenda mimi. Akasema: "Ni mi nilimufukuza. Wewe utamwambia nini?" Nilitaka kumsindikiza mpaka kwenye lori, akakataa. Shangazi Cibalonza wa jirani ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi.

Tangu Jumanne hakuna gari lililorudi kutoka upande ule. Watu wa soko wanasema daraja, wengine wanasema askari, wengine wanasema mvua. Nimekwenda kituoni kila siku. Sina habari yake, nakuandikia hivyo bila kuficha, kwa sababu kuficha nimekwisha kuona mwisho wake.

Nilimtaka abaki na mimi. Sasa nina nyumba nzima, na sijagusa mashine.

Kabla ya kutoka alinigeukia. Nilidhani atanibariki, kama afanyavyo mtu akisafiri siku hizi. Akasema: "Barua ya Nathanaël ikifika, usiifungue. Nitatafuta mutu wa kunisomea."

Basi hii ni yako na mimi. Yake ukimwandikia, mpe Honoré aipeleke Uvira moja kwa moja, kama Papa amefika. Kwangu usiipitishe.

Carine